Dada wa Panya kwenye opera

Kama umeishi Dar es Salaam miaka hii kumi ya karibuni, huenda unamjua shoga yangu. Hujawahi kumwona, na ukipishana naye Msimbazi hutageuza shingo. Lakini umemsikia. "Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, viroboto, sisimizi! Panya akionja tu, kwaheri! Mia tano, mia tano, mia tano tu!" Huyo dada mwenye sauti kavu, anayeivuta "kunguni" kama anamwita mtoto aache mchezo aje kula, ndiye yeye. Na aliyemrekodi ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2015, kwenye studio ya chumba kimoja Kariakoo, ghorofa ya pili, ambako nilikuwa fundi mitambo, karani wa risiti na mpika chai kwa pamoja. Ukuta mzima tulibandika trei za mayai. (Trei za mayai hazizuii sauti, jamani. Zinapunguza mwangwi kidogo tu. Kelele za Mtaa wa Kongo zilikuwa zinaingia mle ndani kama zina ufunguo wake.) Wateja wetu wakubwa hawakuwa wasanii. Walikuwa wauza dawa za wadudu, wanunuzi wa chuma chakavu, wauza vyombo vya plastiki; watu wanaokuja na megafoni mpya yenye tundu la memori kadi, wanataka tangazo la kujirudia. Siku hiyo shoga alikuja kunilipa hela ya kikoba. Msomaji wetu hajafika, mteja anahema mlangoni, nikamwambia shoga ingia usome, mistari yenyewe minne. Akasoma mara mbili. Ile ya pili ndiyo inayozunguka mpaka leo.

Alilipwa shilingi 5,000. Bosi wangu wa wakati ule akaanza kuinakili ile kadi kwa kila aliyeitaka, shilingi 1,000 nakala moja, na nakala zikazaa nakala.

Mwaka 2019 shoga akaenda Muscat kufanya kazi za ndani. Sauti ikabaki. Asubuhi nakutana nayo Buguruni, jioni iko Mbagala Rangi Tatu. Kuna siku niliisikia mara tatu kabla ya adhuhuri, kwa watembezaji watatu tofauti, mmoja wao megafoni imeishiwa chaji, maneno yanakwaruza kama mtu mwenye mafua. Nikamrekodia shoga kwa simu nikamtumia. Akacheka sana, halafu akaandika: "Kumbe huko bado nahangaika na jua?"

Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima. Mtu yuko nchi moja, sauti yake iko nchi nyingine inatembea juani inafanya kazi, na mshahara haupo. Hicho ni kisa tayari, na mhusika wake mkuu tayari anaimba. Ndivyo nilivyojikuta natengeneza opera.

Najua wengi wetu tukisikia opera tunafikiria Wazungu wanalia kwa Kiitaliano. Mimi naichukulia kama ngonjera yenye gharama. Zile ngonjera tulizokaririshwa shuleni, alizozieneza Mathias Mnyampala miaka ya 1960, mmoja anauliza beti na mwenzake anajibu beti. Sasa wape wale watu sauti za kuimba na kisa cha kuumiza roho, umefika. Nilipomwambia shoga neno lenyewe, yeye akanishinda, maana alikuwa na picha kichwani. "Opera? Kama lile jumba jeupe?" Muscat wana Royal Opera House, ilifunguliwa Oktoba 2011, iko huko Shati al-Qurm, na gari la tajiri wake hupita hapo. "Kwa hiyo nitaimba mle?" Nikamwambia hapana mama, utaimba uani kwetu, Magomeni.

Kabla sijakueleza nilivyokwama, nikusimulie kuhusu watu wawili walionitangulia kutengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa, kwa sababu niligombana nao sana usiku.

Wa kwanza ni Mmisri, Halim El-Dabh. Mwaka 1944, Cairo, kijana aliyesomea kilimo, akaazima kwenye kituo cha redio kinasa sauti cha waya. Ndiyo, waya: kabla ya kanda watu walinasa sauti kwenye waya mwembamba wa chuma. Akaenda nacho kwenye zaar, ile ngoma ya wanawake ya kupunga mapepo, ambayo mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa ni kitu gani. Wanaume hawaruhusiwi, basi wakajifunika yeye na mwenzake wakaingia. Kisha akarudi redioni, akazicheza zile sauti kwenye chumba cha mwangwi, akapunguza mgongo wa sauti, yaani ile noti yake ya msingi, na kuacha ile mivumo ya juu inayoelea, akauonyesha umma kazi yake kwenye jumba la maonyesho la YMCA. Vitabu vingi huanza historia hii Paris mwaka 1948. Cairo ilitangulia kwa miaka minne. Nampenda El-Dabh, ila ile habari ya kujifunika ushungi na kuwaibia kinamama sauti za pepo wao bado inanikera.

Wa pili ndiye huyo wa Paris, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa. Alienda stesheni ya Batignolles kurekodi vichwa vya treni, akatengeneza kipande cha kama dakika tatu, kikarushwa redioni Oktoba 1948. Hakuwa na kanda, alikuwa na sahani za santuri. Ujanja wake mkubwa ulikuwa kuufunga mfereji wa sahani ili sindano isisonge mbele: inazunguka, inarudia palepale, inarudia palepale. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Hiyo ni megafoni ya dawa ya panya! Mfaransa alihangaika na sahani na sindano, hapa Mtaa wa Kongo kila mwenye meza na memori kadi anao mfereji uliofungwa.

Huyu Schaeffer alitaka kitu kigumu. Alitaka msikilizaji asahau treni. Usijiulize sauti imetoka wapi, sikiliza sauti yenyewe: umbo lake, ukali wake, inavyoanza na inavyokufa. Baadaye yeye na mtunzi mwenzake Pierre Henry wakatengeneza opera kabisa ya namna hiyo, *Orphée 53*, wakaipeleka Donaueschingen, Ujerumani, mwaka 1953, na wasikilizaji wakawazomea. Na uzeeni, miaka ya 1980, akatamka kwenye mahojiano kwamba ameyapoteza maisha yake bure, kwamba nje ya do-re-mi hakuna muziki. Mtu aliyeanzisha jambo lenyewe! Nilihuzunika kama vile ni baba mdogo wangu.

Haya, nikaingia mtaani. Nilinunua rekoda ndogo ya mkononi, ya mtumba, ina maikrofoni mbili kichwani, na nikaivisha ile kofia ya manyoya ya kuzuia upepo. Bila kofia hiyo, Kivukoni hupati kitu, upepo wa bahari unapiga maikrofoni kama mtu anachana gunia. Tatizo la kofia ni kwamba inavuta macho. "Dada, umebeba paka?" aliniuliza mpiga debe mmoja Gerezani, na nikajua siku hiyo sitarekodi kitu zaidi ya maswali yake.

(Mpiga debe! Hebu lisikilize hilo jina. Debe lenyewe halipo siku hizi, anapiga bodi ya gari kwa kiganja, lakini jina linakwambia wazi kwamba kazi yake ni ya mpiga ngoma.)

Nilianza na pantoni la Magogoni, alfajiri. Watu husifia honi, mimi honi niliitupa. Nilichokitaka ni ule mlango wa chuma unavyoshuka na minyororo yake, kisha sekunde mbili za kimya, kisha ndala. Mamia ya watu wanatembea kwa haraka bila kukimbia, juu ya bati nene la chuma. Sijui chombo cha muziki kinachoweza kutoa sauti ile. Hapo jirani, soko la samaki la Feri, nikarekodi mnada. Dalali wa samaki ana pumzi ambazo waimbaji wa kwaya yetu hatuna: bei inapanda, sauti inapanda nusu hatua, bei ikigoma na sauti inagoma palepale, mpaka mama lishe mmoja anamaliza ubishi kwa kutikisa kichwa, kitu ambacho rekoda haikioni.

Kwenye daladala nilichukua sarafu. Konda hakuombi nauli kwa mdomo, anazitikisa sarafu mkononi karibu na sikio lako, na wewe unaingiza mkono mfukoni kabla hujafikiri. Kwenye vichochoro vya Ilala nikamchukua fundi cherehani wa kutembea, mashine begani, mkasi mkononi anaugonga ukiwa mtupu: cha-cha, cha. Huyu alinipa somo la kwanza. Nilimuuliza kwa nini cha-cha, cha, na si cha, cha, cha. Akaniangalia kama mjinga. "Wa cha, cha, cha ni mwingine. Mteja wangu atatoka na suruali, akute si mimi?"

Mtaa wa Kongo ulinichukua miezi. Ukisimama pale na kifaa chenye manyoya, kila mtu anadhani umetumwa. "Wewe ni wa jiji?" Wana haki ya kuogopa, meza zao zimeondolewa mara ngapi. Nikajifunza kununua kwanza, kukaa, kusema ninachofanya, kuwasikilizisha kwenye hedifoni, ndipo nirekodi. Ndiyo maana leo nina pea kumi na nne za soksi za kiume na sina mwanamume ndani ya nyumba.

Wengi walikubali. Mmoja alikataa, muuza vifuniko vya simu, akasema sauti yake ndiyo mtaji wake na mtaji haukopeshwi. Nilimwelewa. Nikifikiria yule shoga yangu na elfu tano yake, nilimwelewa zaidi.

Somo la pili lilitoka kwa mzee wa kahawa. Kwa wasiojua: muuza kahawa wa kutembea ana birika lenye mkaa chini yake mkono mmoja, na mkono wa pili ana vikombe vidogo visivyo na mkono, anavigonganisha vitoe mlio wa kuita. Nilikuwa nimerekodi vikombe vya wazee wanne, nikavichanganya pamoja, nikaona nimetengeneza kitu kizuri mno, kama mvua ya kengele. Nikampelekea mmoja wao asikilize, barazani, jioni. Akavaa hedifoni, akafumba macho. Baada ya muda akasema, "Mimi sipo."

Nikamwambia upo mzee, hivi vya kulia ni vyako.

"Hivi ni vya yule wa Mchikichi. Vyangu kimoja kina ufa."

Nikarudi nyumbani, nikafungua mafaili moja moja. Kweli nilikuwa nimebandika jina lisilo lake. Na vyake nilivipata kwenye faili jingine, na kweli, katika kila mlio wa nne kuna kimoja kinasema *tok* badala ya *ting*. Nilikuwa nimekisikia kile *tok* nikadhani ni rekoda yangu, nikakipunguza kwenye kompyuta. Nimesomea kazi hii, nina vifaa, nina grafu ya mawimbi kwenye kioo, na mzee wa miaka sabini amesikiliza sekunde ishirini akanirekebisha. Nikakirudisha kile *tok*. Kwenye opera sasa ndicho kinachoanza kabla ya kitu kingine chochote, peke yake, gizani.

Toleo la kwanza lilikuwa baya. Nakiri. Nilidhani nikiweka sauti za mtaani peke yake watu watasema ni kelele, basi nikaweka kinanda chini yake, chodi za huzuni, na mwangwi mrefu kama wa kanisa. Nikampelekea mwalimu wa kwaya yetu, mtu asiye na maneno mengi. Alisikiliza dakika tano. "Hapa umewafunika watu mashuka." Akachukua kalamu, akaniambia nirudie ile "kunguni". Nikarudia. Akaandika kwa nota zetu za kwaya: *s – m*, so kushuka mi. Akaniambia nirudie muuza maji. *s – m*. Yule wa "jero jero": *l – s – m*. Tulikesha tunaandika Kariakoo nzima kwa sol-fa, kama wimbo wa Pasaka.

Kwa hiyo Schaeffer, baba mdogo, ulikuwa nusu sahihi. Do-re-mi ipo, ila hukupaswa kuileta wewe, ilikuwa imeshafika. Mtu anayeita mchana kutwa kwa koo lake mwenyewe atatafuta hatua mbili zinazosafiri mbali bila kumchosha, na so kushuka mi ndiyo njia rahisi, ndivyo hata watoto wanavyoitana kucheza. Lakini si zote zinakaa kwenye kinanda. Muuza soksi wangu anasimama katikati ya *m* na *f*, na hababaiki, kila siku anasimama palepale. Ukiweka kinanda chini yake, yeye ndiye anayeonekana amekosea. Nikafuta kinanda. Nikafuta na mwangwi.

Nilichoacha kabisa kukigusa ni adhana, na nyimbo za ibada. Zipo kila mahali katika rekodi zangu, kwa mbali, kwa sababu mji wenyewe ndio ulivyo, sikuzikwepa. Ila sikuzisogeza karibu, sikuzikata wala kuzipanga. Sauti hizo zinajua zinakokwenda, hazihitaji mwongozaji.

Ikabaki sehemu ya tatu, ya Muscat. Kisa chenyewe kinadai: sehemu ya kwanza mji unaamka, ya pili sauti inatembea mtaani bila mwenyewe, ya tatu lazima tumsikie mwenyewe. Nikamwomba shoga asome tena lile tangazo, neno kwa neno, huko aliko. Nikamwambia usitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unabanwa na kusafishwa mno, rekodi kwa programu ya simu halafu tuma kama faili. Siku tatu kimya. Ya nne likaja faili la sekunde 41.

Alikuwa ananong'ona.

Watoto wa tajiri walikuwa wamelala chumba cha pili, na mchana hana nafasi. Kwa hiyo tangazo lililotengenezwa lipasue kelele za Kariakoo, lililokatwa besi yote ili likae kwenye ile sehemu ambayo sikio la binadamu ni kali zaidi, hapo kati ya Hz 2,000 na 5,000 (Hz ni mitetemo kwa sekunde), sasa linasemwa kwa pumzi tu, kama siri. "Dawa ya panya... dawa ya mende..." Kwenye "kunguni" anashindwa kujizuia, inateleza kidogo, *s – m*, halafu anasita kusikiliza kama kuna aliyeamka. Kuna bibi mwenye nyumba, mzaliwa wa Unguja, anazungumza Kiswahili kizuri kuliko changu, shoga anasema bibi alimsikia na asubuhi akamuuliza, "Jana ulikuwa unamuuzia nani dawa?"

Nyuma ya mnong'ono kuna mvumo wa kiyoyozi. Nilitaka kuusafisha, mkono ukiwa tayari kwenye kitufe. Kisha nikaupima. Hz 100. Umeme wa Oman ni wa Hz 50, kama wetu, na mitambo yake huvuma mara mbili ya hapo. Nikafungua mlango wa jikoni nikarekodi friji ya mama yangu. Hz 100. Nikaziweka pamoja na sikuweza kusikia Muscat inaishia wapi na Magomeni inaanzia wapi. Ni karibu na noti ya G, ya chini. Ningekuwa nimemfuata shoga Marekani, ambako umeme ni wa Hz 60, zingegombana. Basi ile friji nikaianzisha mapema, katikati ya sehemu ya pili, chini kabisa ya zogo la Kongo, usiisikie mpaka kila kitu kingine kinyamaze.

Ukijumlisha, dakika 31.

Tukaipiga Jumamosi usiku, uani. Kijana wa jirani anayekodisha muziki wa shughuli akanipa spika sita kwa bei ya ujirani, akakaa pembeni usiku mzima amenuna. "Sista, besi iko wapi?" Nilizizungusha spika kuwafuata watu: mbili ukutani, mbili nyuma ya viti, moja juu ya tangi la maji, na moja mlangoni imetazama kichochoroni. Walikuja kama watu arobaini. Mzee wa kahawa alikuja na birika lake akauza, na sikumkataza. Muuza soksi alikuja na mke wake. *Tok* ilipolia gizani, mzee akainua kidole kimoja juu, basi.

Ile spika ya kichochoroni ilikuwa na muuza dagaa. Nilimrekodi Buguruni, sauti nene, anatoka mbali anakaribia: "Dagaa! Dagaa mchele!" Nilijivunia sana ukaribiaji wake, nilihangaika nao siku mbili. Akakaribia vizuri. Na mlango wa nyumba ya pili ukafunguliwa, mama jirani akatoka na khanga kifuani na bakuli mkononi.

"Leo kachelewa huyu," akasema. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Muuza dagaa akaita tena, kwenye spika, hatua mbili kutoka usoni pake. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Mama jirani hakucheka. Aliiangalia ile spika, akaniangalia mimi.

"Unamwita mtu halafu huna dagaa?"

Akarudi ndani.

Nimesoma mengi kuhusu sanaa hii, na sijakutana na sentensi iliyonibana namna hiyo. Schaeffer alitaka tusahau treni. Mama jirani hawezi kusahau dagaa, na kwa nini asahau? Ile sauti ilitengenezwa kwa ajili yake, imtoe jikoni na bakuli, na ilifanya kazi yake sawasawa. Mimi ndiye niliyeitoa kwa mwenye mzigo nikaacha mzigo Buguruni. Na fundi cherehani alikuwa ameshaniambia jambo hilohilo miezi sita nyuma, na suruali mkononi, nikaliandika kwenye daftari kama kichekesho.

Opera ikaendelea, kompyuta haina aibu. Kongo ikachemka, ikafika kileleni, ikanyauka. Ikabaki friji. Wengine walidhani imeisha, viti vikaanza kusogezwa. Ndipo shoga akaanza kunong'ona kutoka juu ya tangi la maji.

Kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka kama mitano amelala mapajani kwa bibi yake. Akainua kichwa, akasikiliza mpaka kwenye "kunguni", akauliza kwa sauti ambayo uani mzima tuliisikia:

"Bibi, Dada wa Panya anaumwa?"

Bibi yake akamwambia hapana, yuko mbali. Mtoto akasema lakini jana alipita hapa. Hakuna aliyemjibu, na faili likafika mwisho.

Nilirekodi onyesho lote, na usiku uleule, kwake saa moja mbele yetu, nikamtumia shoga kile kipande cha mwisho, pamoja na swali la mtoto. Pia nikamwambia kwamba Jumatatu nitampelekea mama yake Tandika shilingi 50,000, ni malipo ya sauti, ya zamani na ya sasa kwa pamoja. Nikangoja. Nilijua atalia, nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kumfariji.

Ukaja ujumbe wa sauti, ananong'ona tena, watoto wamelala. Hakutaja hela. Hakumtaja mtoto.

"Na yule mama alipata dagaa?"

Alipata. Jumapili asubuhi nilimfuata muuza dagaa hadi Buguruni nikaja naye mwenyewe, kwa bajaji, na ungo wake. Mafungu mawili, nililipa mimi. Mama jirani aliyachambua yote mlangoni kwanza, ndipo akanikaribisha ndani.